Mhojiwa wa Kumi na Tisa

Wiki niliyorudi nyumbani Nyansurura na shahada yangu ya uzamivu, baba alichinja mbuzi, wazee wa kanisa wakaja kuomba, na kijiji kizima kikaanza kuniita Dokta. Nilisikia raha, sitadanganya. Siku ya tatu asubuhi, nimekaa nje na mama tunachambua mboga, mkokoteni wa ng'ombe ukaingia uani. Ndani yake alikuwa amelala jirani yetu, mzee wa rika la baba, amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Mke wake alitembea pembeni akiwaswaga ng'ombe.

Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia. "Nimekuletea mgonjwa wako. Mama yako anasema umesomea pombe. Mtibu huyu, asinywe tena."

Nikamweleza kwamba mimi si daktari wa hospitali. Nimesomea ustawi wa jamii, nafundisha chuoni, na utafiti wangu unahusu watu wanaokunywa na familia zao. Nawauliza maswali, naandika, wakubwa wanasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa unawauliza ili iweje, kama huwatibu?"

Mama aliinuka na ungo wake akaingia ndani. Tulimfungua yule mzee, akanywa uji, akalala kwenye kivuli cha ghala hadi saa saba. Alipoamka alitushukuru sana, akaondoka kwa miguu kwa njia inayopita kilabuni. Mke wake alibaki na mkokoteni, akimtazama anavyokwenda.

Kwa miaka mingi nilikifanya kisa hicho kuwa mhadhara wangu wa kwanza wa somo la ulevi na uraibu. Nilijua nitulie wapi, nimwige yule mama wapi, wanafunzi wacheke wapi. Baada ya kicheko niliwaambia, "Mwisho wa muhula huu mtakuwa na jibu la kumpa." Walikuwa wanaandika hata hilo kwenye madaftari.

Mwaka mmoja kulikuwa na mwanafunzi ambaye hakucheka. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko wenzake, mwenye mabega mapana, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Kwa jinsi alivyotamka maneno nilijua ni mtu wa kwetu Mara. Darasa lilipokwisha alinifuata, akaniambia anatoka Genkuru, kule karibu na mgodi mkubwa, kisha akauliza, "Madam, yule mzee aliishia wapi?"

"Yuko salama," nikamjibu.

Sikuwa najua. Jioni hiyo nilimpigia mama simu, akaniambia yule mzee alishazikwa mwaka uliopita, na kwamba aliniambia lakini nilikuwa na haraka ya kuingia kikaoni.

Yule kijana wa Genkuru akawa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Nasema hivyo baada ya kuwafundisha wengi. Tulikuwa na zoezi ambalo wanafunzi wawili wanakaa mbele ya darasa, mmoja anajifanya mlevi, mwingine mnasihi. Kwa kawaida zoezi hilo huwa vichekesho. Anayejifanya mlevi anapepesuka, darasa linapiga meza. Zamu yake ilipofika, yeye alikuwa mnasihi. Alikaa, akavuta kiti karibu, akamuuliza mwenzake, "Leo asubuhi ulipoamka, kitu cha kwanza ulichofikiria ni nini?" Akanyamaza. Hakumsaidia kujibu. Yule mwigizaji akasahau kupepesuka. Darasa likatulia hadi nikasikia feni. Mwishoni nilisimama nikawaambia wenzake, "Mmeona? Hiyo haifundishwi."

Alipohitimu nilimwandikia barua ya kumpendekeza, ndefu kuliko kawaida yangu. Akaajiriwa na shirika moja dogo lililokuwa na ofisi Tarime mjini, likishughulika na familia zenye matatizo. Alioa, akanitumia picha. Kila Krismasi alinitumia ujumbe mfupi wa kunitakia heri, na kila mara alimalizia kwa kuandika "mwanafunzi wako."

Kwa hiyo nilipopata kibali cha kufanya utafiti kuhusu gongo katika familia zinazoishi jirani na machimbo, sikutafuta msaidizi mwingine. Nilimpigia yeye. Alipiga kelele kwa furaha kwenye simu. Mkurugenzi wake alimruhusu awe nami siku tatu kila wiki, kwa kipindi chote ambacho ningekuwa huko.

Nilipanga chumba kwenye gesti ya Tarime, karibu na soko. Asubuhi ya kwanza alinifuata na pikipiki ya shirika. Alikuwa amekonda usoni lakini shati lilikuwa limepigwa pasi, na mdomoni alikuwa anamung'unya peremende ya mnanaa. Nikafikiri ameacha sigara.

Kazi ilikwenda kama ndoto. Watu wa kule hawapendi maswali ya wageni; wakiona karatasi wanafikiri ni habari ya kuhamishwa kupisha mgodi au ni polisi wanatafuta mitambo ya gongo. Yeye alikuwa anakaa kwanza. Anauliza habari za mahindi, anaongea Kikurya, anacheka na vikongwe, na baada ya muda mama mwenyewe anasema, "Haya, toa hiyo karatasi yako." Wanaume walioshinda kwenye mawe ya machimbo walimwita mura, kijana wetu, wakamsogezea kigoda. Tulihoji wake, tukahoji wapikaji, tukahoji wanaume wenyewe wakiwa bado wanaweza kuongea. Jioni nilikuwa nasoma maelezo yake, mwandiko safi, hakuna alichoacha. Nilimpigia mwenzangu wa chuoni nikamwambia nimempata mtu wa kurithi kazi yangu.

Mambo madogo niliyaona. Mikono yake ilikuwa inatetemeka asubuhi anapofungua kalamu. Nikafikiri ni baridi ya Tarime, maana kule ni juu na asubuhi kuna ukungu. Kila tulipofika kijijini aliniacha nikipanga fomu, akaenda "kumsalimia mjumbe," akarudi ametulia, mchangamfu. Nimeandika makala kuhusu dalili hizo. Nimezipanga kwenye jedwali kwa ajili ya wanafunzi. Niliziona kwa mtu niliyempenda, nikaziita baridi na adabu njema.

Jumamosi moja tuliazima darasa la shule ya msingi pale Genkuru kwa ajili ya mahojiano. Tulikuwa tumehoji watu kumi na wanane. Aliyepaswa kuja saa nne hakuja. Tulikaa tukisubiri, mimi kwenye kiti cha mwalimu, yeye kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. Mara akavuta fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mhojiwa anasaini kukubali, akaandika tarehe.

"Leo nihoji mimi," akasema.

Nikacheka. Nilidhani anataka tujaribu maswali, maana tulikuwa tumebishana juu ya mpangilio wake.

"Nisomee kwanza maneno ya siri," akasema.

Nikamsomea, kama ninavyowasomea wote: kwamba yote atakayosema yatabaki siri, kwamba jina lake halitaandikwa popote, kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kudhurika. Akasaini. Nikaanza. Umri. Kazi. Ndoa. Alijibu. Umewahi kutumia pombe? Ndiyo. Ulianza lini? Akasema alianza akiwa kidato cha tatu. Nikaandika. Mtu yeyote amewahi kukukera kwa kukwambia upunguze? Mke wangu. Umewahi kujisikia vibaya kwa sababu ya kunywa? Akatazama ubaoni, ambako mwalimu alikuwa ameacha hesabu za kugawanya.

"Endelea, Madam."

"Umewahi kuhitaji kunywa asubuhi, kitu cha kwanza, ili mwili utulie?"

"Leo," akasema. "Leo, Madam. Na jana. Na siku ile uliyofika."

Niliweka kalamu chini. Akaniambia niiokote, hatujamaliza. Nikaiokota. Niliuliza maswali yote yaliyobaki, moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo sikuijua, na yeye alijibu yote kwa unyoofu ambao mtafiti anauota. Aliniambia alikuwa anakunywa chuoni, vile viroba vya plastiki, akivificha ndani ya soksi. Siku ya lile igizo alikuwa amekunywa viwili. Swali alilomuuliza mwenzake lilikuwa swali lake mwenyewe. Alisema alipoanza kazi aliacha kabisa karibu mwaka mzima, kisha akaanza kwenda vilabuni kuwatafuta waume wa wateja wake. "Huwezi kukaa na watu wale umeshika soda, Madam. Hawakwambii kitu. Nikasema nitaonja tu."

Tulipomaliza nikamuuliza kwa nini ameniambia.

"Nilichoka kukuona unanifurahia," akajibu.

Wiki zilizofuata nilifanya kila ninalolijua. Nilimwambia asiache ghafla, kwa kuwa mwili uliozoea hivyo unaweza kupata degedege. Nilimsihi aende hospitali, akakataa. Wauguzi wa mjini walikuwa wanamfahamu, wengine aliwapelekea wagonjwa kwa mkono wake mwenyewe. "Nikiingia mlango ule, Jumatatu ofisi nzima itajua." Nilipiga simu kwa wenzangu wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, bila kutaja jina. Kila mmoja alinisikitikia kwa dhati. Mmoja aliniambia, "Lakini wewe ndiye mtaalamu wa haya mambo." Nyumba za kupata nafuu, zile ambazo watu wanakaa miezi wakisaidiana kuacha, zilikuwa mbali, zimejaa, au zinapokea watu wa heroini tu. Wa gongo haonekani kuwa mgonjwa. Gongo ni ya kila mtu.

Yeye aliendelea kuja kazini, peremende mdomoni. Sasa nilikuwa najua, na yeye anajua kwamba najua, na tulikaa mbele ya wanawake tukiwauliza waume zao wanakunywaje. Mara moja mama mmoja alituambia mumewe anaamka akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Msaidizi wangu aliandika maneno hayo polepole, herufi kwa herufi, kalamu yake ikicheza. Nilitaka kumnyang'anya ile kalamu. Nilichofanya ni kuuliza swali lililofuata.

Mkurugenzi wa shirika, bwana mpole aliyekuwa na tabia ya kusimama anapoongea na mimi, aliniita ofisini. Alisema kuna malalamiko. Familia mbili zilipaswa kutembelewa, hazijatembelewa, na katika moja kuna mtoto aliyeunguzwa mkono. Ripoti za ziara zimeandikwa lakini akinamama wanasema hawajamwona mtu. "Wewe ni mwalimu wake. Uko naye siku tatu kwa wiki. Kuna kitu unakijua?"

Nilikuwa nimeahidi siri na nilikuwa nimesikia habari ya mtoto aliyeunguzwa, vyote viwili kichwani kwa pamoja. Mimi ndiye niliyefundisha miaka yote kwamba usalama wa mtoto unavunja siri yoyote. Lakini mahojiano yale hayakuwa na habari ya mtoto. Alichoniambia kilikuwa ni juu ya mwili wake. Hivyo ndivyo nilivyojieleza moyoni. Nikasema, "Mpunguzie familia. Mpe mtu mwingine familia hizo mbili leo hii, na mtoto aonwe leo hii." "Hujanijibu, Dokta," akasema mkurugenzi. Lakini alituma mtu mchana ule ule, na mtoto akapelekwa kwa bibi yake. Kovu anakua nalo.

Nilipomwambia msaidizi wangu habari za mkono wa yule mtoto, alikaa chini kwenye vumbi kando ya pikipiki. Hakulia. Alisema, "Niliandika kwamba nimekwenda." Akarudia hivyo mara mbili.

Siku mbili baadaye, saa kumi jioni, mke wake alikuja gesti. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku aliyonikaribisha chakula kwao. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda pale sokoni, mdogo wa umbo, uzi wa rangi umenata kwenye kanga yake. Aliniamkia, nikamkaribisha kwenye kile kiti kimoja, mimi nikakaa kitandani. Nikajiandaa. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kumkwepa kwa heshima: nitasema siwezi kuzungumzia mambo ya mume wake, ni taratibu za kazi.

"Madam, sikuja kukuuliza kama anakunywa," akasema. "Nalala naye. Najua. Nimekuja kukuuliza nifanye nini."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga yakanipotea. Nikaanza kumjibu. Nilimwambia asimfiche kwa watu, asimtetee kazini. Asigombane naye akiwa amelewa, asubiri akiwa mzima. Ajitunze mwenyewe na watoto. Ajue kwamba hakuusababisha ugonjwa huu. Yote ni kweli, yote nimeyafundisha. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mapajani, kama wanafunzi wanaokaa mbele wanavyosikiliza.

Nilipomaliza akasema, "Hayo nimeshayafanya. Ya kutogombana naye akiwa amelewa, hiyo ni mwaka wa nne sasa."

"Na kumtenga kwa muda? Kwenda kwenu?"

"Nilikwenda. Alikuja nyumbani kwa baba akakaa mlangoni siku mbili hajala. Baba mwenyewe akaniambia nirudi." Akainua macho. "Ninyi mnaosoma, Madam, kuna kingine?"

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda bila kukoma. Nilitafuta kichwani katika makala zote, za kwangu na za wengine, na kitu nilichokiona ni yeye anavyosubiri. Nikamwambia, "Kingine sina." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokimudu, akasimama, akanishukuru kwa muda wangu. Nilimsindikiza mpaka sokoni. Njiani aliniuliza habari za mama yangu.

Jumamosi hiyo nilikwenda Nyansurura. Nilikaa jikoni kwa mama nikashindwa kula ugali. Aliuliza, nikamwambia kuna mtu anaumwa na sijui la kufanya. Mama hakuniuliza ni nani. Alisogeza bakuli la maziwa karibu nami, akaendelea kupepeta mtama. Baada ya muda mrefu akasema tu, "Unafanya kazi ngumu, mwanangu." Nililia pale kwenye kigoda kama mtoto, na mama akaendelea kupepeta.

Jumanne mwenzangu wa Mwanza alipiga simu. Nafasi moja imepatikana katika nyumba ya kupata nafuu, daktari atamwangalia siku za kwanza, lakini lazima afike kesho yake. Nilimwambia msaidizi wangu nikitegemea kukataliwa. Akasema, "Twende." Mkurugenzi alimpa likizo bila kuuliza maswali, nafikiri alikuwa amekwisha kujua kila kitu na anangoja mtu amwambie. Mke wake alimfungia nguo kwenye begi la shule la mtoto wao. Tulipanda basi asubuhi. Alikaa dirishani, akaniomba ruhusa ya kunywa kidogo kabla ya kuondoka, maana vinginevyo asingefika. Nikamruhusu, tukashuka. Mimi, mwalimu wake, nilisimama nyuma ya choo cha stendi nikimlinda asionekane wakati anakunywa. Kila nikikumbuka safari ile, hapo ndipo moyo unaponiuma, na bado sioni ningefanya nini tofauti.

Kule Mwanza walimpokea vizuri. Wenye nyumba walikuwa wanaume waliowahi kutumia wenyewe, wanacheka kwa sauti, wanapika pamoja. Wakampa kitanda karibu na dirisha. Nilipoaga alinishika mkono kwa mikono miwili. "Madam, nikitoka hapa nataka nisome shahada ya pili." Nikamwambia nitamsimamia mwenyewe. Nilirudi Tarime nikijisikia mwepesi. Nilimpigia mke wake njiani, tukacheka kwa mara ya kwanza.

Siku ya tisa walinipigia simu. Alikuwa ameaga kwamba anatoka kununua muda wa maongezi dukani. Begi lake lilikuwa bado kitandani, nguo zimekunjwa.

Hakurudi Tarime. Baada ya wiki mbili tukapata habari kwamba alivuka Sirari, yuko kwa mjomba wake upande wa Kenya, kwenye shamba la tumbaku. Huku kwetu mpaka ni kamba ya kuanikia nguo tu. Nusu ya ukoo wa kila mtu iko ng'ambo. Nilivuka kumfuata. Mjomba alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti, akasema, "Huyo kijana alitoka hapa juzi, daktari. Hapa chang'aa ni mingi sana, sisi hatuwezi kumchunga." Nikakaa hadi saa tisa nikitumaini atatokea. Nikaacha barua. Sijui kama aliisoma.

Shirika lilimwachisha kazi. Mkurugenzi alinipigia kunieleza kabla ya kuandika barua, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha. Nilimaliza mahojiano yaliyobaki na msaidizi mwingine, binti mwenye bidii, ambaye hakukosea chochote na hakufunguliwa moyo na mtu yeyote.

Mwaka uliofuata niliwasilisha matokeo kwenye ukumbi wa hoteli, mbele ya wataalamu na watu wa wizara. Kuna slaidi moja niliyoiwekea maneno ya mhojiwa wa kumi na tisa. Nilifikiri sana kabla ya kuiweka. Alikuwa amesaini ridhaa, na jina lake halimo. Nilisoma swali la kunywa asubuhi, kisha nikasoma jibu lake, "Leo. Na jana." Wakati wa chai watu watatu walinifuata kunipongeza. Mmoja alisema hajawahi kusikia ushahidi mzito namna hiyo, akaniuliza nilifanyaje hadi mtu akafunguka vile. Nilisema ni suala la kujenga uaminifu. Kisha nikaenda chooni nikakaa mpaka kikao kikaanza tena bila mimi.

Bado nafundisha. Kisa cha mkokoteni nilikiacha. Sasa mhadhara wa kwanza naanza na ufafanuzi wa maneno, kama wenzangu wote, na wanafunzi wanasinzia. Mwanafunzi akiniuliza tunamsaidiaje mtu ambaye tumeshamfanyia yote, namwambia sijui, na naona anavyofuta alichokuwa ameanza kuandika.

Mke wa yule msaidizi wangu alihamia Mugumu, ambako dada yake ana duka la vitenge. Alibeba cherehani na watoto. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Tunaongea juu ya masomo ya watoto, mvua, mgongo wake unaomuuma kwa kukaa sana. Ameniacha niwe mtu wake, na sijui ni kwa sababu gani. Mume wake tunamtaja mara chache. Ameonekana Genkuru akivunja mawe. Ameonekana Tarime stendi, amevaa kandambili. Kuna mtu alisema ameokoka, mwingine akasema hapana, huyo alikuwa ndugu yake.

Jumapili iliyopita mke wake alipiga mapema kuliko kawaida. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

"Yuko hapa," akasema. "Amekaa kwenye ngazi ya duka la jirani. Amekuja kwa miguu kutoka stendi. Watoto wako kanisani, hawajamwona."

"Amelewa?"

"Hapana. Anasema wiki ya tatu leo. Amenyoa. Madam, amekonda, sikumjua." Nikasikia anavuta pazia. "Nimfungulie?"

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, sufuria ya maharage iko motoni. Wiki tatu ni muda mrefu na ni kitu kidogo sana. Nilifikiria watoto wakirudi, nikafikiria yule mtoto mwenye kovu, nikafikiria mkono uliokuwa unaandika herufi kwa herufi. Kwenye simu alikuwa anapumua, akinisubiri.

"Amekula?" nikamuuliza.

"Sijui. Sidhani."

"Mpelekee chakula."

"Nje, au ndani?"

Kabla sijajibu nikamsikia anaweka simu mezani, kisha sauti ya sahani zikitolewa kwenye kabati, moja, halafu nyingine, halafu mfuniko wa sufuria. Aliiacha simu wazi. Nilibaki nimeishika sikioni, nikisikiliza.